Majibu ya Ini na Sahani ya Peke Yake

Mwezi huu naanika ya kwangu mwenyewe.

Kabla ya ndoa, mwenzangu alipima damu. Karatasi ikarudi na ALT 96, wakati kikomo cha maabara ile ni 40. Jamani, nilinuna! Nikawaza moja tu: kumbe anapiga masanga kwa siri. Yeye, ambaye hata bia moja hamalizi!

Daktari ndiye aliyetutuliza. ALT na AST ni vimeng'enya vinavyokaa ndani ya seli za ini. Seli zikiumia, vinavuja kwenye damu. Kipimo kinakwambia ini linaumia, hakikwambii nani kaliumiza. Inaweza kuwa pombe, mafuta kwenye ini, virusi, mitishamba au hata vidonge ulivyomeza. AST inatoka pia kwenye misuli, kwa hiyo ukitoka kunyanyua vyuma inaweza kupanda. Na usibweteke namba ikiwa ya kawaida: kuna ini lililochakaa na ALT imetulia.

Kipimo kikarudiwa, kikaongezwa cha homa ya ini B. Hapo ndipo mchawi alipoonekana.

Mimi nilikutwa sina, nikachanjwa dozi tatu: siku ile, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita. Watoto wa Tanzania wanapata chanjo hii tangu 2002, sisi wa zamani ilitupita. Yeye yuko kliniki. Si kila mwenye virusi hivi anaanza dawa, ila kila mmoja anahitaji kufuatiliwa.

Tukaoana, tukaenda kwao Kalemela, Simiyu. Habari ilishatutangulia. Ugali na sato vilipoletwa, sahani yake ikawekwa pembeni, peke yake. Hakusema neno. Najua mkamwana ana mipaka yake, lakini nilinawa, nikasogea, nikamega tonge kwenye sahani ile ile.

"Mama," nikasema kwa adabu, "ugonjwa huu uko kwenye damu, hauko kwenye tonge."

Mama mkwe akanyamaza. Kisha naye akanawa.

Kwa hiyo wapenzi, virusi hivi hupita kwenye damu, tendo la ndoa, na toka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Mkipima kabla ya ndoa, msiishie kwenye VVU. Na namba zikiwa juu, mwulize daktari kwanza, ndipo umnunie mwenzako.

Tukutane mwezi ujao!