Chumba cha kutenga wagonjwa si depo ya magodoro

Juma lililopita nilienda kumuona mgonjwa katika hospitali moja ya hapa Bukavu, ambayo sitaitaja jina. Katika chumba kikubwa cha wanaume kulikuwa baba mmoja anayekohoa bila kupumzika. Kitanda chake kiko katikati ya wengine, na madirisha yote yamefungwa kwa sababu ya baridi. Chumba cha kutenga wagonjwa kipo, nyuma ya jengo. Nilichungulia: kimejaa magodoro ya zamani na makatoni.

Ndugu wasomaji, tusinyamaze. Kifua kikuu hakiambukizwi kwa kupeana mikono wala kwa kula sahani moja. Vijidudu hutoka na kikohozi, kisha huelea hewani kwa masaa mengi ndani ya chumba kilichofungwa. Surua pia hupita hewani, na kirusi chake kinaweza kubaki mpaka masaa 2 baada ya mgonjwa kutoka. Ndoo ya maji na sabuni, tulivyozoea wakati wa Ebola, peke yake haitoshi hapa. Inatakiwa mgonjwa awe peke yake, mlango wa koridori ufungwe, na madirisha ya nje yawe wazi.

Asiyeamini aangalie Tugela Ferry, Afrika ya Kusini. Mwaka 2006 waganga walitoa habari ya wagonjwa 53 wenye kifua kikuu sugu kabisa, kisichosikia dawa. Walikufa 52. Wengi walikuwa na virusi vya ukimwi, na wengi walikuwa wamewahi kulazwa hospitalini kabla ya hapo. Wafanyakazi wa afya nao walikuwemo. Watu walienda kutafuta uzima, wakakutana na kifo hewani.

Wakubwa wa hospitali watasema: hakuna pesa. Ni kweli, mashine ya kubadilisha hewa mara 12 kwa saa inaomba umeme ambao hatuna kila siku. Lakini huko Lima, nchini Peru, watafiti walipima hewa katika hospitali 8, wakatoa matokeo mwaka 2007. Vyumba vya zamani, vyenye dari ya juu na madirisha makubwa yaliyofunguliwa, vilibadilisha hewa kuliko vyumba vya kisasa vyenye mashine. Majengo ya namna hiyo tunayo. Dirisha haliombi mafuta ya jenereta.

Wengine watasema mgonjwa ataona amefukuzwa. Basi aelezwe! Aambiwe ni kwa muda, mpaka dawa zianze kufanya kazi. Apate chakula, blanketi na salamu kama wengine. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Faida gani kumponyesha mmoja huku majirani zake wa kitanda wanaambukizwa?

Kwa hiyo tunaomba: magodoro yatolewe, chumba kifunguliwe. Anayefika akiwa amekohoa majuma 2 au zaidi aulizwe tangu mlangoni, apewe barakoa, asikalishwe kwenye benchi pamoja na wamama wenye watoto.

Na sisi tunaolinda wagonjwa tuna sehemu yetu. Usiku ule mimi mwenyewe ndiye niliyefunga dirisha la mwisho. Baridi ya Bukavu tunaijua. Tulete blanketi ya pili, dirisha libaki wazi.