UKIRITIMBA ULIVUNJWA KWA TARAKIMU TANO

NDUGU msomaji, wiki hii tunakuomba uweke kando kidogo habari za vigogo na ulaji wao, utusikilize juu ya jambo linaloonekana dogo: simu ya mezani. Usicheke. Tunajua wewe kijana wa mjini simu hiyo unaiona kwenye meza ya bosi tu, ikiwa imefunikwa kitambaa na vumbi juu yake. Hata hivyo, kwenye waya ule kuna somo ambalo wakubwa wasingependa ulijue.

Waulize wazee. Hapa Tanzania barua na simu vilikuwa chini ya shirika moja, hadi mwaka 1994 lilipogawanywa na simu kukabidhiwa TTCL. Kenya nao waligawanya shirika lao mwaka 1999, simu zikaenda kwa Telkom Kenya. Mabango yakapakwa rangi mpya, barua zikapata nembo mpya. Lakini kwa simu ya mezani mwenye duka alibaki yule yule mmoja. Telkom Kenya ililindwa na sheria hadi mwaka 2004, na TTCL kwa Tanzania Bara hadi 2005. Ukikataa bei yake, ulikuwa na uhuru kamili wa kukaa kimya.

Sasa swali. Mtu akiwa ndiye mwenye waya unaoingia nyumbani kwako, utamkwepaje? Utachimba mtaro wako mwenyewe kutoka Manzese hadi Mwanza? Watawala wa ukiritimba duniani kote walijibu swali hili kwa kicheko. Walisema waya ni mmoja, kwa hiyo mwenye nao lazima awe mmoja, basi.

Walikuwa wanasema uongo, na ushahidi upo.

Twende Marekani. Huko mfalme wa simu alikuwa AT&T. Alimiliki waya wa nyumbani, mitambo ya kuunganisha, njia za masafa marefu, hata kiwanda cha kutengeneza simu zenyewe. Mwaka 1963 ikazaliwa kampuni ndogo iitwayo MCI, ikitaka kujenga minara ya mawimbi kati ya Chicago na St. Louis ili iuze mawasiliano kwa bei nafuu. Ilipata kibali mwaka 1969, baada ya miaka sita ya kupigwa danadana na mawakili wa yule mfalme. Na hata baada ya kibali, mteja wa MCI aliteswa. Alipiga kwanza namba ya mtambo wa MCI, akaingiza namba yake ya siri, ndipo akapiga namba ya ndugu yake. Tarakimu zaidi ya 20! Mteja wa AT&T alimaliza kazi kwa 11 tu.

Angalia hila hiyo vizuri, msomaji. Mlango haukufungwa. Ulifanywa mwembamba kiasi kwamba uchoke mwenyewe urudi ulikotoka. Ukiritimba wa kisasa ndivyo ulivyo, hauna haja ya rungu.

Serikali ya Marekani iliishitaki AT&T mwaka 1974. Kesi ikaenda hadi makubaliano ya Januari 1982, na tarehe 1 Januari 1984 jitu likakatwa vipande. Simu za mitaani zikaenda kwa makampuni saba ya kimajimbo, AT&T ikabaki na masafa marefu na ikabidi ishindane kama wengine. Amri muhimu kuliko zote ilikuwa hii: mwenye waya wa nyumbani sharti amfungulie kila mshindani mlango wenye upana ule ule. Mteja akachagua kampuni yake ya kudumu. Na siku akitaka kampuni nyingine kwa simu moja tu, alibonyeza tarakimu tano za mwanzo. 10288 ilikuwa ya AT&T, 10222 ya MCI, 10333 ya Sprint. Kila kampuni ikapata kodi yake, na hapa hatuzungumzii kodi ya mapato.

Wajerumani walifuata mwaka 1998. Ukiritimba wa Deutsche Telekom ulikoma tarehe 1 Januari mwaka huo, na mtaani kukatokea namba zinazoanza na 010. Kampuni ya Mobilcom, kwa mfano, ilipata 01019, ikatangaza bei ya Pfennig 19 kwa dakika. Mwananchi hakuhitaji kujaza fomu, kusaini mkataba wala kumpa mtu chai. Alinyanyua simu ile ile, kwenye waya ule ule, akabonyeza 01019 kisha namba anayoitaka. Basi.

Ilifanyikaje? Haina uchawi. Mtambo wa mtaani ulisoma tarakimu za kwanza, ukaelewa kwamba simu hii si ya kwetu, ukaikabidhi kwa mtambo wa mshindani. Mshindani akaisafirisha kwenye njia zake hadi mji wa mbali, akaikabidhi tena kwa mwenye waya wa huko ili simu iite. Kwa kila dakika alimlipa mwenye waya ujira wa kupitisha, na ujira huo mwenye waya hakujipangia atakavyo, kulikuwa na msimamizi wa kisheria anayeuangalia. Mwisho wa mwezi gharama zilikuja ndani ya bili ile ile ya Telekom. Yaani jitu liliamriwa limsafirishie mshindani wake simu na limkusanyie na pesa!

Hapo ndipo penye kiini cha tahariri hii. Hakuna aliyechimba mtaro wa pili. Hakuna aliyechoma nyumba ya mtu. Sheria ilitenganisha mambo mawili ambayo ukiritimba huyafunga kamba moja: kumiliki njia na kuchagua nani apite. Barabara inaweza kuwa ya mmoja, lakini mabasi yakawa ya wengi.

Tuwe wakweli pia, kwa sababu gazeti hili halijaandikwa kudanganya watu. Mashirika ya zamani yalikuwa na hoja. Yalisema faida ya simu za masafa ndiyo inayobeba gharama ya simu za mtaani na za vijijini. Ukiwaachia washindani wachote minofu, nani atabaki na mifupa? Hoja hiyo ilikuwa na ukweli. Baada ya 1984 Wamarekani wengi waliona ada ya mwezi ya simu ya nyumbani ikipanda wakati bei za masafa zikishuka. Lakini dawa ya jambo hilo ni kuweka mchango wa vijijini hadharani, kila mtu aone nani analipa nini. Kuuficha ndani ya bei ya mtu asiye na pa kukimbilia ni wizi uliovaa shati la huduma kwa jamii.

Usidhani basi kwamba tarakimu zilileta pepo. Wajanja walikuwepo. Marekani, kodi zilipokaribia kwisha, ziliongezwa tarakimu mbili, na kufikia 1998 televisheni zao zilijaa matangazo ya 10-10-321 na wenzake. Watu wakaambiwa: mkimbie mkubwa, njoo kwetu wadogo. Kumbe 10-10-321 ilikuwa mali ya MCI, ambayo wakati huo si mtoto tena. Na kampuni moja iliyojiita Lucky Dog, yenye kodi ya 10-10-345, ilikuwa ya nani? Ya AT&T mwenyewe! Mwananchi anakimbia nyumba kwa mlango wa mbele, anapokewa na baba yule yule mlango wa uani. Ilibidi mwaka 2000 mamlaka mbili za huko zitoe mwongozo wa pamoja kuhusu matangazo ya bei za simu.

Ujerumani kulikuwa na mtego mwingine. Kampuni ilitangaza bei ya kutupa, watu wakaikariri kodi yake, wakaibandika ukutani karibu na simu. Baada ya wiki kadhaa bei ikapanda kimya kimya. Bibi yule anaendelea kubonyeza tarakimu zile zile akiamini anaokoa, kumbe anachunwa. Ilichukua hadi Agosti 2012 sheria kulazimisha kwamba kabla ya simu kuunganishwa, sauti itamke bei ya dakika. Miaka 14 ya watu kuchunwa kabla ya kuwekwa sauti ya sekunde chache.

Na mwisho wake je? Wengi walihamia kwenye simu za mkononi na vifurushi vya kulipa mara moja kwa mwezi, tarakimu zikapoteza wapenzi. Sharti la kisheria likalegezwa, jambo likabaki kwenye makubaliano ya wafanyabiashara, na mwisho wa mwaka 2024 Telekom ikaufunga mlango huo wa 010. Hakukuwa na maandamano. Waliobaki wakiutumia, wengi wao watu wazima wenye ndugu nchi za mbali, walitakiwa kutafuta njia nyingine. Haki isiyotumiwa na wengi huzikwa bila matanga.

Sasa turudi nyumbani, maana najua unauliza: haya yananihusu nini mimi wa kijiweni?

Mimi niandikaye ni kijana mwenzako. Nimeishia kidato cha nne, naishi kwa kuuza habari moja moja, na simu ndiyo ofisi yangu. Mwezi fulani nilinunua kifurushi cha wiki kwa kampuni moja. Siku ya tatu kikakata. Nikapiga huduma kwa wateja: bonyeza moja, bonyeza mbili, subiri, muziki, muziki tena, kisha kimya. Nikalalamika kijiweni. Jamaa mmoja akaniambia, "Si uhame mtandao!" Nikamjibu, "Nihame vipi kaka, na wahariri wote wana namba hii? Nikiiacha nimekufa njaa."

Alicheka hadi akashika mbavu. Akaniambia ninaweza kuhama na namba yangu ile ile, na kwamba haki hiyo ipo Tanzania tangu Machi 2017. Kenya ipo tangu Aprili 2011. Mimi mwandishi wa habari sikujua! Niliwauliza vijana sita waliokuwa pale kwenye benchi. Wawili tu walijua, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuitumia.

Unaona sasa mlango mwembamba ulivyo? Haki ya kuhama na namba ni mtoto wa tumbo moja na zile tarakimu tano. Zote zinasema kitu kimoja: mteja si mali ya kampuni. Lakini haki iliyofichwa ndani ya droo ni sawa na kodi yenye tarakimu 20. Kenya nako waliohama na namba zao hawakuwa wengi, na sababu moja haihitaji profesa. Pesa yako iko ndani ya simu, wateja wako wanalipa hapo hapo, na kwa miaka mingi kutuma pesa toka mtandao mmoja kwenda mwingine ilikuwa shughuli. Tanzania mitandao ilianza kuunganisha pesa zao mwaka 2014, Kenya mwaka 2018. Kamba moja ikikatwa, tazama mguuni kama hakuna nyingine.

Kwa hiyo tunasema hivi. Kwa wasimamizi wa mawasiliano: haki ya kuhama itangazwe redioni na kwenye mabango kwa nguvu ile ile inayotangazwa bahati nasibu. Bei ya kila kifurushi na siku ya kufa kwake itamkwe kabla mtu hajalipa, isiwe imeandikwa kwa herufi za sisimizi. Anayemiliki mkongo au mnara asiachiwe kupanga peke yake nani apite na kwa ujira gani.

Kwa wewe kijana tunasema pia, maana lawama zote tukiwapa wakubwa tutakuwa tunakubembeleza. Acha ushabiki wa mitandao kama ni Simba na Yanga. Kampuni haijui jina lako. Soma masharti ya unachonunua. Linganisha bei kila mwezi, usiishi kwa bei uliyoikariri mwaka jana kama yule bibi wa Ujerumani. Ukionewa, lalamika kwa maandishi na utunze nakala. Wasipokusikia, hama na namba yako, na umwambie jirani ulivyofanya.

Mabwana wa ukiritimba hawajawahi kuamka asubuhi wakaamua kugawa funguo. Marekani walivutwa mahakamani miaka kumi. Ujerumani ilibidi itungwe sheria. Funguo zilipopatikana zilikuwa tarakimu tano tu, ambazo hata mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuzibonyeza.

Za kwako unazo tayari, ndugu msomaji. Zibonyeze kabla hawajazifuta.