Ulikuwa fundi jeshini? Port Bell wataka cheti

Tuseme ulikuwa fundi wa injini jeshini, sasa ni raia na unatafuta kazi kwenye boti za Port Bell. Kama ni mkimbizi, Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inakuruhusu kufanya kazi. Kinachokukwamisha ni cheti. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya 2008 ilifungua njia ya kupimwa kwa vitendo, hata kama ufundi hukuusomea shuleni. Wanaangalia mikono yako, si cheo chako cha zamani. Lakini cheti cha fundi hakikupi ruhusa ya kuendesha chombo; usafiri wa majini una sheria yake, ya 2021. Mashirika yanayomrudisha darasani mtu anayejua kazi tayari, kwa maoni yetu, afadhali yangemlipia ada ya mtihani.