Turbo ni kama bumu: raha leo, makato kesho

Najua nimepotea, wiki tatu sijaandika kitu, lakini mnaoijua ratiba ya sisi watu wa ualimu mtanisamehe. Mazoezi ya kufundisha yameisha, madaftari ya kusahihisha yameisha, na sauti yangu ndiyo kwanza inarudi.

Leo nina la kwangu moyoni. Jumamosi iliyopita pale kijiweni nyuma ya hosteli, washkaji walibishana kuanzia saa kumi jioni mpaka adhana ya magharibi. Hoja: ndinga ya kweli ni ipi? Ya turbo, ya umeme, au yenye injini ya kawaida inayovuta hewa yenyewe bila kusaidiwa? Mimi nilikuwa pembeni na mihogo yangu ya kukaanga, na kila nilipofungua mdomo kuna kaka mmoja alikuwa anasema, "Dada, haya ni mambo yetu." Jamani, nasoma fizikia na hisabati. Sasa nayasema yote hapa, na mihogo nimemaliza.

Tuanze na hao wa turbo maana ndio wengi na ndio wenye kelele. Turbo yenyewe ni kitu kizuri sana kukifikiria, sikatai. Ni pangaboi mbili ndogo zilizofungwa kwenye shafti moja. Moja inasukumwa na moshi unaotoka kwenye injini, moshi ambao ungepotea bure kwenye ekzosi. Ya pili, kwa kuwa iko kwenye shafti ileile, inazunguka nayo na kusindilia hewa ndani ya silinda. Hewa zaidi, petroli zaidi, nguvu zaidi. Shafti hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, katikati ya joto kali, na inaelea juu ya utando mwembamba wa oili tu. Hapo kwenye oili pawekeni alama, nitarudi.

Wana hoja zao na mimi nitazitaja kwa haki. Kwanza ni kodi. Kwa miaka mingi ushuru wa bidhaa kwenye magari yanayoingia nchini ulipangwa kwa ukubwa wa injini: kuanzia sisi 1,001 hadi 2,000 asilimia 5, na ikizidi 2,000 asilimia 10. Sasa Subaru Impreza WRX ina injini ya sisi 1,994. Kwa karatasi za forodha ni gari la kiasi, lakini mguuni ni mnyama. Kijana wa Kinondoni akiona hesabu hiyo, nani atamzuia? Hoja ya pili ni Safari Rally. Mashindano yale yalianza 1953, na zamani yalikuwa yanapita mpaka huku kwetu Tanganyika. Enzi zile magari yasiyo na turbo yalitamba: Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano, mwaka 1973 kisha 1979 hadi 1982 mfululizo. Halafu 1984 ikaja Toyota Celica yenye turbo ikachukua, na 1985 na 1986 ikachukua tena. Tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, gari lisilo na turbo halina lake pale mbele.

Sawa. Lakini washkaji, Safari ya siku hizi inakimbiwa Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hapa ndipo fizikia yangu inapoingia. Injini ya kawaida inategemea hewa ijisukume yenyewe kuingia kwenye silinda. Ukipanda mlima hewa inakuwa nyepesi, kwa hiyo pale Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, injini ileile inakosa kama asilimia 15 ya hewa iliyokuwa inaipata pwani. Turbo inafidia pengo hilo. Mtu wa Mbeya au wa Nairobi akiniambia anataka turbo namwelewa, ana sababu. Wewe wa Bagamoyo unayeweza kutoka gereji ukaenda kunawa miguu baharini, umepungukiwa hewa gani? Ki ukweli joto letu la Februari linapunguza uzito wa hewa kidogo, nakubali. Ila joto hilohilo linaitesa turbo zaidi. Hewa ikisindiliwa inachemka, ndiyo maana gari linawekewa interkula ya kuipooza, na kwenye Subaru nyingi interkula hiyo imekaa juu ya injini, inapata upepo kupitia lile tundu la kwenye boneti. Sasa kaa kwenye foleni ya Tegeta saa kumi na mbili jioni. Upepo uko wapi? Interkula inakuwa sufuria imebandikwa jikoni.

Kuna na petroli. Magari mengi ya turbo ya Kijapani yalitengenezewa mafuta yao ya daraja la juu, yenye oktani inayokaribia 100. Pampu zetu nyingi hazikupi uchaguzi, ni petroli ni dizeli, basi. Ukiilazimisha injini ya aina ile kwa wese la oktani ndogo inaanza kugonga, na kompyuta ya gari ikisikia mgongo huo inapunguza nguvu ili injini isife. Kwa hiyo umelipia farasi 280 halafu wengine wako zizini wamelala.

Haya, nirudi kwenye oili, na hapa naomba mnivumilie maana panauma.

Kaka yangu ana gari la Kijapani lenye turbo. Jina la kampuni naliacha, kosa halikuwa lao. Alilinunua mkononi kwa mtu, akaambiwa limetunzwa, akaamini kwa sababu lilikuwa linang'aa. Kaka ndiye anayeniongezea ada pale mkopo wangu unapoishia. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja alinichukua tukamtembelee shangazi kule Msata. Tukaingia barabara ya Makofia, ile nyoofu, akaanza kunionyesha: "Sikiliza hii." Kweli ukikanyaga unasikia mluzi, halafu mgongo unabandikwa kwenye kiti. Nilicheka kwa raha, sitawadanganya. Tulipovuka mto Ruvu nikatazama nyuma nikaona moshi wa bluu umefunika barabara, basi lililotufuata limewasha taa mchana kweupe.

Fundi wetu wa Mapinga alilifungua akamuuliza swali moja tu. "Ukishakimbia, ukifika nyumbani unaacha linguruma kidogo au unazima hapohapo?" Kaka akasema anazima hapohapo, kuokoa mafuta. Fundi akanigeukia mimi: "Mwalimu, mweleze kaka yako." Nikamweleza. Ukizima, pampu ya oili inasimama, lakini shafti bado ni ya moto mkali, na ile oili iliyobaki pale inaungua inakuwa masizi. Leo masizi, kesho masizi, siku moja beringi zinakwisha na oili inavuja mpaka kwenye ekzosi. Turbo ya mtumba pamoja na ufundi vikala laki tisa. Mnajua laki tisa ile ilikuwa ya nini. Niliingia kwenye mitihani ya Februari kwa barua ya kuombea muda, nikikwepa dirisha la uhasibu kama mtu mwenye deni la duka.

Ndiyo maana nasema turbo ni kama bumu. Siku linaingia unakula chipsi kuku na unawaita jamaa zako wote. Halafu ukija kuajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara, mwezi kwa mwezi. Bumu si baya, mimi bila bumu nisingekuwa hapa. Ila ni mkopo, na mkopo unataka mtu mwenye nidhamu. Oili nzuri kwa wakati, subira ya dakika moja mbili kabla ya kuzima, chujio safi. Malori na mabasi karibu yote yanayopita Msata ni dizeli yenye turbo na yanatembea kilomita za kutisha, kwa sababu yana ratiba ya matengenezo. Sisi vijana tuna ratiba gani?

Sasa wa umeme. Pale kijiweni walikuwa wawili tu na walizomewa, mimi nadhani walionewa. "Halina sauti, hilo ni feni!" Haya, treni ya SGR inayotoka Dar kwenda Dodoma tangu 2024 ni ya umeme, inakwenda mpaka kilomita 160 kwa saa, na sijamsikia abiria hata mmoja akilalamika kwamba hainguruma. Mota ya umeme inatoa msukumo wake wote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Haingojei moshi, haingojei gia. Kwa kasi ya kuondoka tu, gari la kawaida la familia la umeme linaweza kuiaibisha ndinga nyingi za kijiweni, na mwenye ndinga hatasikia hata limempita saa ngapi.

Na hesabu ya mfuko nimeifanya. Betri ya uniti 60, kwa bei ya LUKU ya kama shilingi 356 kwa uniti, inajaa kwa shilingi 21,000 na kitu, na inakupeleka kilomita kama 350. Turbo inayokula lita moja kwa kilomita kumi, tuseme lita ni shilingi 2,800, itakula 98,000 kwa safari hiyohiyo. Tofauti hiyo ni kodi ya chumba cha mwanafunzi. Kasoro ni kwamba soketi ya ukutani inatoa kama kilowati 3, kwa hiyo kujaza betri hiyo ni saa 20, na umeme ukikatika unaanza kuhesabu upya. Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 limekamilika 2025, tuombe na nyaya za mitaani zifuate. Ethiopia wao tangu 2024 walizuia kabisa kuingiza magari binafsi ya mafuta. Kwa upande mwingine, kwenye ubingwa wa rali wa dunia waliweka mota za umeme kusaidia injini mwaka 2022, Safari ya mwaka ule Toyota wakachukua nafasi nne za kwanza, halafu kuanzia 2025 mota hizo zikaondolewa. Kwa hiyo msiniambie habari imekwisha upande wowote.

Kinachonizuia mimi ni bei ya kununua, na fundi wa Mapinga. Nilimuuliza akinyanyua mikono yake myeusi kwa oili: "Mwalimu, hilo nikilifungua nitaona nini?" Hakuwa anatania.

Basi nabaki na injini ya kawaida, na nitataja gari kabisa: Toyota Altezza RS200. Sisi 1,998, haina turbo, ina gia sita za kuingiza mwenyewe, inatoa farasi 210 lakini inazitoa huko juu kwenye mizunguko 7,600. Maana yake nguvu inakuja kidogokidogo kadiri unavyoiomba, na sauti inapanda nayo. Unajua kila wakati uko wapi. Turbo nyingi za zamani zinakaa kimya kwanza, halafu zinakurukia ghafla, na ukishaionja unataka uirudie, na kuirudia maana yake ni spidi.

Na spidi hapa kwetu tunaipeleka wapi? Kuanzia Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, mpaka Kiromo, ni makazi na shule na vibao vya 50, trafiki na tochi yake chini ya mwembe. Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilipangiwa zamu ya kuvusha watoto barabara hii. Unashika mikono miwili, wengine wanashika sketi yako, halafu unasikia kwa mbali pa-pa-pa ya mtu ekzosi imekatwa, na hujui kama atapunguza. Tangu siku hizo mtu akiniambia ndinga yake inafika 240 sisikii sifa. Ninachouliza ni hiki: kwa kilomita 50 inakupa raha gani? Ya umeme inakupa utulivu na wese la bei poa. Altezza inakupa gia ya pili na muziki wake. Turbo kwa 50 imelala, inasubiri umkanyagie mtu.

Najua kuna mtu atasema naongea kwa uchungu wa laki tisa. Inawezekana. Lakini hewa ya pwani sikuiumba mimi.

Kaka anauza lile gari. Jana kanipigia, kuna mteja kaja kuliona, kijana wa rika letu, swali lake la kwanza lilikuwa, "Lina turbo?" Kaka akamwambia ndiyo, mpya. Nikamwambia kaka, si mpya, ni ya mtumba, mwambie hivyo, na mweleze habari ya kutokuzima hapohapo. Akasema, "Sawa mwalimu," kwa ile sauti yake ya kunikatia simu. Nitampigia tena jioni. Sasa hivi ni saa saba na nusu, nina semina saa nane, na foleni ya maharage naiona kutoka hapa dirishani.