Damu Haitoshi Kumlea Mtoto

Mtoto anapofiwa na wazazi wote wawili, watu msibani hujifariji kwamba ana ndugu, kwa hiyo ana kwao. Baada ya mazishi wazee wanakaa kikao. Baba mkubwa anamchukua kijana, shangazi anamchukua binti, mdogo wao anapelekwa kwa bibi, na kikao kinafungwa kwa dua. Hakuna aliyeuliza kama anayemchukua anampenda, kama anamudu, au kama jicho lake liko kwenye nyumba ya marehemu. Damu imeshajibia kila mtu. Damu nzito kuliko maji, tunasema, na tunatawanyika tukiwa na amani moyoni. Nasema amani hiyo hatuistahili, na imani inayoileta imewaumiza watoto wengi mno.

Ipo filamu ya uhuishaji ya Ufaransa na Uswisi inayoipinga imani hii bila kumung'unya maneno. Inaitwa Ma vie de Courgette. Aliyeiongoza ni Claude Barras, Mswisi, na mswada uliandikwa na Céline Sciamma kutokana na riwaya ya Gilles Paris ya mwaka 2002. Ilioneshwa Cannes mwaka 2016, ikatwaa tuzo kuu ya tamasha la Annecy mwaka huohuo, na mwaka uliofuata ikawania Oscar. Wahusika ni wanasesere wenye vichwa vikubwa na macho ya duara, waliosogezwa kidogo kidogo mbele ya kamera. Ina dakika 66 tu, na kila dakika inawaheshimu watoto.

Icare ana miaka tisa. Anataka aitwe Courgette kwa sababu ndilo jina alilozoea kuitwa na mama yake. Mama huyo hunywa bia mchana kutwa mbele ya televisheni, na mtoto huokota makopo matupu akajengea mnara chumbani kwake darini. Siku mnara unapoporomoka, mama anapanda ngazi kwa hasira akitishia kumpiga. Mtoto anafunga mlango wa dari kwa woga, mama anaanguka, anafariki. Kitu cha mama anachoondoka nacho Courgette ni kopo moja la bia. Yeyote anayedhani mtoto aliyeteswa humchukia mzazi wake atazame anavyolitunza kopo lile. Filamu haikanushi kwamba damu ina nguvu. Inachokataa ni kuichukulia nguvu hiyo kuwa malezi.

Polisi aitwaye Raymond anaandika maelezo ya mtoto, kisha anampeleka kwenye makao ya watoto yaitwayo Les Fontaines. Hapo tunatarajia uji mwembamba na fimbo, maana ndivyo tulivyozoeshwa na vitabu na sinema. Katika Les quatre cents coups ya François Truffaut, ya mwaka 1959, kijana Antoine anafungiwa katika kituo cha watoto watukutu, na uhuru wake uko nje ya uzio. Barras anageuza mambo. Hatari ilikuwa nje, na mara nyingi ilikuwa ndani ya familia. Kati ya watoto wa makao hayo, wazazi wa Simon walizama katika dawa za kulevya. Alice alidhulumiwa na baba yake mzazi. Baba wa Camille alimuua mkewe, kisha akajiua. Mama wa Béatrice alifukuzwa Ufaransa na kurudishwa Afrika, na binti hukimbilia nje kila gari linapoingia akiita mama. Kati ya hawa wanne, huyo peke yake alipokonywa na serikali mzazi aliyemtaka, na filamu haikuficha dhuluma hiyo. Makaoni wanakuta watu wazima wanaowasikiliza, ubao ambapo kila mtoto huonesha hali ya moyo wake kama hali ya hewa, na safari ya kwenda kucheza kwenye theluji.

Ndipo anapotokea shangazi wa Camille. Anakuja kumdai mtoto wa ndugu yake, na mbele ya watu ana maneno matamu. Anachokitaka ni posho ya serikali inayofuatana na mtoto. Camille anamjua vizuri na anamwogopa. Mtoto huyu, aliyeshuhudia mauaji ya mama yake, anaona ni heri abaki makaoni na wenzake kuliko kwenda kwa ndugu. Watoto wenyewe ndio wanaomwokoa: Simon anafanya mpango wa kumfikishia Camille chombo cha kurekodi sauti, vitisho vya shangazi vinanaswa, na mlezi huyo mtarajiwa anaumbuka. Inauma kwamba ilibidi watoto watafute ushahidi wa jambo ambalo watu wazima walipaswa kuuliza tangu mwanzo.

Kwamba ndugu wa damu anaweza kuwa hatari kwa mtoto, Wafaransa wamelijua muda mrefu. Hector Malot alichapisha Sans famille mwaka 1878, na mwaka 2018 Antoine Blossier aliitengeneza upya kuwa filamu, Daniel Auteuil akiigiza mzee Vitalis. Katika riwaya ile, aliyepanga Rémi, mtoto ambaye ndiye mhusika mkuu, aibwe akiwa mchanga ni baba yake mdogo, James Milligan, kwa tamaa ya urithi. Waliomlea ni mama Barberin, mwanamke maskini wa kijijini asiye na uhusiano naye wowote wa damu, na huyo Vitalis, msanii wa barabarani aliyemkodi kwa fedha. Hata hivyo Malot alishindwa kumaliza bila kumrudisha mtoto kwa mama mzazi, tena tajiri. Mwisho ule unafurahisha, lakini unatufundisha tena kusubiri damu ije kuokoa. Barras hakuhitaji muujiza huo. Anayewachukua Courgette na Camille ni Raymond, polisi mpweke ambaye mwanawe mwenyewe alimwacha.

Najua nitajibiwa kwamba Uzungu ni Uzungu, na kwetu ukoo ndio bima ya mtoto. Nitakumbushwa mabibi wa Kagera waliolea wajukuu walioachwa na UKIMWI katika miaka ya 1980 na 1990. Nawakumbuka kwa heshima kubwa, na ndiyo maana nakataa sifa yao ipewe damu. Walilima wakiwa wazee, waliuza ndizi wanunue daftari, waliamka usiku kumkanda mtoto mwenye homa. Palikuwa na ndugu wengine wa damu ileile ambao hawakufanya hata moja ya hayo. Kama damu ingekuwa inalea, wote wangelea sawa.

Wala sitetei makao. Mtoto anahitaji familia, na Kenya ilifanya jambo jema mwaka 2022 ilipozindua mkakati wa miaka kumi wa kuwatoa watoto kwenye taasisi na kuwarudisha katika familia na jamii. Hofu yangu ni juu ya haraka. Afisa mwenye majalada mengi mezani akimpata mjomba aliye tayari kutia saini, imani yetu itamnong'oneza kwamba kazi imekwisha. Mgeni anayetaka kuasili mtoto anachunguzwa kipato, nyumba, afya na mwenendo. Mjomba anachunguzwa nini? Kwa nini mtoto apate ulinzi mdogo zaidi kwa kuwa tu anayemchukua ana jina la ukoo wake?

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 20, unataja malezi ya kambo, malezi ya Kiislamu yaitwayo kafala, kuasili, na makao yanayofaa kuwa njia halali za kumpa mtoto matunzo. Kifungu cha 12 kinataka mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu. Basi kikao cha ukoo nacho kimsikilize. Aitwe, akae pembeni na mtu anayemwamini, aulizwe anataka kuishi na nani na anamwogopa nani. Aliyepewa mtoto atembelewe baada ya mwezi, na baada ya mwaka. Mali ya marehemu iandikwe kabla mtoto hajakabidhiwa kwa mtu yeyote. Na mtoto akisema hataki kwenda kwa shangazi, asiambiwe hana adabu; aulizwe kwa nini, na jibu lake liandikwe.