Kazi ya Baba: Andika Ile Anayoifanya

Hii mara sitaandika juu ya mpira wala juu ya wale wanaochelewa asubui. Ninataka kusema juu ya mstari mmoja wa ile fishi tunajazaka kila mwezi wa tisa. Inauliza jina, siku ya kuzaliwa, avenyu ya nyumba, halafu inauliza: Kazi ya baba ao ya mlezi.

Hapo njo kalamu inasimamaka. Kuko mwenzetu anaandika «mwalimu», na baba yake anashona nguo ku soko tangu miaka nane. Mwingine anaandika «mfanyakazi wa serikali», na nyumba yote inakula juu ya mafuta ya mawese baba na mama wanauza pamoja. Hawataki kudanganya Bwana Prefe. Ni woga tu, na ule woga mtoto hakuuokota ku barabara, aliukuta nyumbani.

Wakubwa wanasemaka: Mkongo haogopi kubadili kazi, sisi ni watu wa Artikle 15! (Mzaha ule wanasema ulianza Kasai ya Kusini, 1960, wakati watu waliokimbia vita waliambiwa wajitafutie wenyewe.) Miye sikubali. Sisi tunabadili mikono, hatubadili jina. Mtu anapika sabuni miaka kumi, lakini ukimwuliza kazi yake anajibu: «Niko mwalimu, hii ni kujitafutia tu.» Na kwa kuwa ni kujitafutia tu, hana daftari ya hesabu. Hakuenda kukaa hata mwezi moja kwa mtu anayejua sabuni vizuri. Hajui kama anapata faida ao anakula mtaji wake polepole. Alitoka ngambo moja, hakufika ngambo ya pili, na maji yanamfika kifuani.

Tuangalie historia ya Katanga. Union Minière ilianza 1906, na kisha serikali kuichukua mali yake mwaka 1967 ikazaa Gécamines. Zamani zile, kampuni ilimpa mtu mshahara, na tena nyumba, unga, hospitali, na masomo kwa watoto. Mtoto wa mfanyakazi alikua akijua mlango ambao ataingilia. Hakuna mtu alimfundisha kujiuliza: na siku mlango utafungwa? Halafu mwezi wa tisa 1990 mgodi wa Kamoto ukaanguka. Shaba iliyokuwa inapita tani 400.000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, miaka kumi nyuma haikufika hata 50.000. Mwaka 2003, kwa feza za Benki ya Dunia, watu zaidi ya 10.000 waliachishwa kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa mapenzi. Jina zuri. Lakini mtu ambaye hakulipwa miezi na miezi, mapenzi yake ni gani?

Wengi wao walilalamika miaka mingi kwamba feza waliyopewa haikutosha kwa miaka waliyotumika, na miye siwezi kuwalaumu. Ninasema kitu kingine. Yule aliyekuwa tayari na shamba ambalo alilijua, ao na ufundi wa magari aliouzoea jioni na siku ya posho, alipata pa kusimama. Yule aliyengojea siku ile ya mwisho ndipo aanze kufikiri, alikuta feza mkononi na hana ufundi, na feza haikai mahali pa namna ile. Wengine walinunua vitu vya kuuza ambavyo jirani zao wote walikuwa wanauza. Woga ulikuwa umewaambia: usifikiri sasa, utaita bahati mbaya. Ni woga wa namna hii ninaupinga.

Maana kuko woga mwingine ambao ni akili. Mwalimu akikuambia anaacha chaki aende Kolwezi kuchimba kobalti kwa mikono, na moyo wake unapiga, amsikilize moyo wake. Sheria imekataza wachimbaji wa mikono kushuka kupita metre 30, lakini mashimo hayasomi sheria, na watu wanafunikwa na udongo. Basi namna gani kujua woga gani ni wa kweli? Miye ninaona hivi: muulize woga anaogopa nini. Akijibu «shimo litaanguka», ao «watoto watakosa unga kisha miezi mbili», yule ni rafiki, kaa naye, fanya hesabu pamoja. Akijibu «watu watasema nini», mwache aende zake.

Na watu wanasema kweli! «Umeona? Licencié mzima anachunga nguruwe!» Tena sisi wanafunzi njo tunasema kwa nguvu. Mchana wa mapumziko, chini ya miembe, tunacheka baba wa mwenzetu aliyepita na kinga ya makaa. Yule baba anapita barabara ya nyuma siku zingine, kusudi mtoto wake asipate haya. Analipa minervali na makaa yale, na anajificha sawa mwizi.

Wengine watasema: kubadili ni kutupa masomo, wazazi walilipa bure. Hapana. Fikiri juu ya Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Bukavu. Alipomaliza masomo ya udaktari Burundi mwaka 1983, nia yake ilikuwa kutunza watoto wadogo. Akaenda kutumika hospitali ya Lemera. Kule aliona wamama wanafika wameharibika ao wanakufa sababu ya kuzaa bila msaada. Akabadili njia: akaenda Angers, Ufaransa, akakaa tena juu ya benchi sawa mwanafunzi, akajifunza kazi ya wamama, akarudi Lemera 1989. Hospitali ile ikashambuliwa vitani 1996. Akaanza tena, Panzi, mwaka 1999. Zawadi ya Nobel ya 2018 kila mtu anaijua. Lakini miye ninamshangaa zaidi ku ile benchi. Daktari mzima, mwenye heshima ku kijiji, anakubali kuitwa tena mwanafunzi! Na udaktari wa kwanza hakuutupa, aliusimamia juu yake.

Vilevile mwalimu anayeanza kushona hatupi ualimu. Anajua kuandika vipimo, anajua kueleza kwa kijana anayemfundisha, anajua kuvumilia watu wenye makelele. Fundi gani wa soko amezaliwa na mali hiyo?

Sasa neno kwa walimu wetu, kwa heshima yote. Tunajua katika inchi yetu wako walimu wengi wanaofundisha bila jina lao kuwa kwenye listi ya mshahara, wale wanaitwa nouvelles unités. Wanangoja, mwaka unaisha, wanangoja tena. Sisi hatuombi muondoke, nani atatufundisha? Lakini yule kati yenu anayetaka kujifunza kazi nyingine siku ya posho, asijifiche kwetu. Aende kwa fundi, akae pale miezi sita akiwa bado na chaki mkononi. Aweke franga kidogo ku likelemba, ahesabu nyumba inakula gunia ngapi za unga kwa mwaka, amwambie mke wake kweli yote mbele ya kuwaambia wajomba. Mwenye kuanza hivi, siku ya kuacha haitakuwa kuruka shimo, itakuwa kupita mlango ambao amekwisha kuupita mara mingi.

Na sisi wa kalasi ya mwisho, Egzamu ya Serikali inakaribia. Wako kati yetu wanaosoma pedagojia lakini wanajua hawatafundisha. Mmoja anataka umeme, amekwisha kumwambia fundi, hajamwambia baba yake. Ninamwomba amwambie baba mbele ya egzamu, siyo kisha.

Ninaleta mbele ya Bwana Prefe na komite ya wazazi mambo mawili. Ile fishi ya mwezi wa tisa, mstari ule ubadilishwe, uandikwe: Baba na mama wanafanya kazi gani leo? Na siku ya wazazi, ambapo tunaitaka hotuba ya watu wa biro kila mwaka, tuite pia ule baba wa makaa. Aje na baiskeli yake, aingie kwa mlango mkubwa, atueleze namna anachagua mti, anapanga tanuru, na gunia moja linamwachia franga ngapi.