Vidonge vya Kuzibua Pua

Akina mama wengi hutuuliza kama vidonge vya kuzibua pua ni salama, maana mara nyingi hununuliwa bila cheti cha daktari. Inategemea ni nani anayevimeza.

Pseudoefedrini hubana mishipa midogo ya damu iliyovimba puani, na hewa ikapita. Lakini dawa hiyo haiishii puani. Huzunguka mwili mzima. Ndiyo maana moyo huenda mbio, usingizi hukatika na presha hupanda. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au mimba asivitumie kabla ya kumwona daktari. Baba mwenye tezi dume iliyovimba, mkojo unaweza kumkwama. Na mama anayenyonyesha ajue kwamba maziwa yanaweza kupungua, jambo ambalo ni nadra kulisikia dukani.

Mtu mzima asizidishe miligramu 240 kwa siku, wala asimeze karibu na saa ya kulala. Tazama pia kama kidonge hicho cha mafua kina parasetamoli. Ukimeza na Panadol juu yake, unaweza kuzidisha kipimo. Vile vyenye fenilefrini, jopo la wataalamu wa Marekani lilisema mwaka 2023 kwamba vikimezwa havizibui pua. Fedha yako ya nini hapo?

Mtoto wa chini ya miaka 6 asipewe kabisa. Chemsha kikombe cha maji, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, na yakipoa mdondoshee matone mawili kila tundu la pua kabla ya kunyonya au kulala. Tengeneza mapya kila siku.